Mombasa ni ya nani? Mkataba wa maili kumi, bandari na ufuo

Mwaka 2013 ulipokaribia, habari ya mkataba ilizagaa Mombasa nzima. Vijiweni na barazani ilisemwa kwamba Pwani ilikodishwa kwa Kenya kwa miaka 50 tangu 1963, na kwamba muda ukiisha ukanda wote wa bahari utarudi kwa wenyewe. Wengine walishikilia kuwa ni miaka 99. Kundi la Mombasa Republican Council, MRC, lilikuwa limeshaifanya habari hiyo kuwa siasa kwa maneno matatu: Pwani si Kenya. Serikali ililipiga marufuku kundi hilo mwaka 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku Julai 2012, na mwaka 2013 ukaja ukapita. Hapana bendera iliyoshushwa.

Ule uvumi ulikuwa wa uongo, ila haukuzuka bure. Mkataba upo, tena si mmoja. Mombasa ilikodishwa kweli, na kodi yake ililipwa kila mwaka kwa karibu miaka 70. Mwenye mali alikuwa Sultani wa Zanzibar, mpangaji alikuwa Mwingereza, na waliokuwa wakiishi ndani hawakuulizwa. Asiyeijua hesabu hiyo huuona kila ugomvi wa Mombasa, wa reli, wa gati, wa viwanja, wa hoteli, kuwa kisa cha peke yake. Anayeijua huona mji uliozoea kupitisha utajiri wa wengine na kubishania kinachobaki.

Kodi ya pauni 17,000

Mombasa ilikuwa bandari kabla ya mkoloni yeyote. Ni kisiwa kilichozungukwa na hori mbili: mashariki ile ya Tudor, penye bandari ya zamani ya majahazi chini ya Mji wa Kale, magharibi Kilindini, kwenye maji marefu. Waswahili wake walijipanga katika Thenashara Taifa, makundi kumi na mawili, Tisa Taifa upande mmoja na Tatu Taifa upande wa pili, na biashara yao ya ng'ambo ilikuwa imeshakomaa Vasco da Gama alipotia nanga Aprili 1498. Hakupendeza, akaendelea Malindi. Wareno waliporudi mwaka 1505 wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuchoma mji. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu, na ndani ya ngome hiyo wakaja kuzingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Baadaye akina Mazrui waliokuja kutawala kwa jina la Oman wakajifanya wenye mji, mpaka Seyyid Said alipowavunja mwaka 1837 na Mombasa ikawa chini ya Zanzibar.

Historia hiyo inasimuliwa sana, tena vizuri. Inayosimuliwa kidogo ni ya fedha.

Mwaka 1887 Sultani Barghash alimpa mfanyabiashara Mwingereza William Mackinnon na wenzake haki ya kutawala mwambao na kukusanya ushuru kwa jina lake. Mwaka uliofuata kampuni yao ilipata hati ya kifalme na kuitwa Imperial British East Africa Company. Ilikuwa na jina kubwa na mfuko mdogo. Kufikia 1895 ilikuwa hoi, na serikali ya Uingereza ikalazimika kuirithi kazi yake. Lakini kampuni ilitaka ilipwe kabla ya kuachia haki zake. Fedha zitoke wapi? Miaka michache nyuma, mwaka 1890, Wajerumani walikuwa wameununua mwambao wa Tanganyika kutoka Zanzibar kwa takriban pauni 200,000. Basi fedha hizo hizo za Sultani ndizo zilizotumika kuiondoa kampuni ya Waingereza katika mali ya Sultani. Kwa kumfuta machozi, Uingereza ikakubali kumlipa riba ya asilimia 3 kila mwaka, yaani pauni 6,000, pamoja na kodi ya pauni 11,000. Jumla pauni 17,000. Mkataba ulitiwa saini tarehe 14 Desemba 1895, Sultani akiwa Hamed bin Thuwaini na upande wa Uingereza akisimama Arthur Hardinge.

Si kwamba watu wa mwambao walitulia. Wakati wino unakauka, Mbaruk bin Rashid wa akina Mazrui alikuwa msituni akipigana na utawala huo mpya, na hakutoka uwanjani mpaka mwaka 1896 alipokimbilia upande wa Wajerumani. Wazee wa mji walielezwa kwamba dini, sheria na desturi zao hazitaguswa, na kwamba Mwingereza ni mwakilishi tu wa Sultani.

Mali yenyewe ilipimwa hivi: maili kumi kutoka ufuoni kwenda ndani, kuanzia mpaka wa Tanganyika kule Vanga hadi Kipini penye mdomo wa mto Tana, pamoja na visiwa vya Lamu. Mwaka 1920 Uingereza ilipoitangaza bara kuwa koloni, haikuweza kuutia ukanda huo ndani, kwa kuwa haukuwa wake. Ndiyo maana kwa miaka 43 jina rasmi la nchi lilikuwa na sehemu mbili, Koloni na Hifadhi ya Kenya. Abiria wa gari moshi aliyetoka Mombasa alivuka mpaka wa kisheria baada ya maili chache bila kuhisi chochote. Gavana wa Nairobi alitawala pande zote mbili, lakini mwambao ulikuwa na liwali, mudiri na kadhi wake, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Ngome yenyewe Waingereza walikuwa wameigeuza jela, na ikabaki jela hadi 1958. Bendera ya mwenye mali ikipepea juu ya jela ya mpangaji: sijui picha inayoeleza vizuri zaidi nani hasa alikuwa akitawala.

Mpangaji anapohama

Uhuru ulipokaribia, mkataba uliokuwa umelala kabatini ulizua swali lisilokwepeka. Uingereza haiwezi kumkabidhi mwingine kitu ambacho si chake. Je, ukanda urudi Zanzibar? Ujitawale? Au uunganishwe na Kenya?

Hapo ndipo lilipozuka vuguvugu la Mwambao. Waliolishikilia walikuwa zaidi Waarabu na Waswahili wa miji ya pwani, waliohofia kumezwa na bara iliyo kubwa kwa idadi na tofauti kwa dini. Wengine walitaka kujitawala, wengine kurudi kwa Sultani. Lakini leo hadithi hii husimuliwa kana kwamba Pwani nzima ilikuwa kauli moja, na haikuwa hivyo. Wamijikenda, makabila tisa ya wenyeji wa pwani, wengi wao hawakuwa na hamu ya kurudi chini ya dola ambayo babu zao waliijua kwa utumwa na kwa mashamba yaliyochukuliwa. Ronald Ngala, Mgiriama aliyeongoza chama cha KADU, alikataa kujitenga. Alichopigania ni majimbo, kila eneo lisimamie ardhi yake na watu wake ndani ya Kenya moja. Na maelfu ya wafanyakazi wa bandarini waliotoka bara walikuwa na KANU, chama cha Jomo Kenyatta. Mji ulikuwa na angalau Mombasa tatu, kila moja ikitaka uhuru wa namna yake.

Mwaka 1961 alitumwa Sir James Robertson kusikiliza pande zote. Ripoti yake ilipendekeza mwambao uungane na Kenya kabla ya uhuru, Sultani aachie mamlaka yake, na watu wa pwani wapewe dhamana. Kwa maoni yangu, jibu lingekuwa hilo hata angemsikiliza nani, kwa sababu reli ilikuwa imeshaamua. Tangu 1901 ilipofika Ziwa Viktoria, uchumi wote wa Kenya na Uganda ulitokea Kilindini, na hakuna serikali ya Nairobi ambayo ingekubali kuona mwisho wa reli yake umebaki katika nchi ya mwingine.

Makubaliano yalitiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963, yakitanguliwa siku chache na barua kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte. Barua hizo ndizo moyo wa jambo. Kenyatta aliahidi uhuru wa kuabudu. Mahakama za kadhi zitadumu. Penye Waislamu wengi, maofisa wa utawala wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana. Watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu pale inapowezekana. Na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa ziheshimiwe. Sultani Jamshid bin Abdullah naye akaachia madai yote juu ya ukanda.

Hakuna mahali palipoandikwa miaka 50 wala 99. Kodi ilikoma na mwenye mali akajitoa moja kwa moja. Mwanasheria yeyote akiletewa karatasi hizo atasema hakuna kinachosubiri kuisha.

Kilichowauma watu ni yaliyofuata. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Kenya tarehe 12, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi yakaiondoa serikali ya Shamte na kumfukuza Sultani. Jamshid aliishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, na kufariki Muscat Desemba 2024. Aliyepokea ahadi kwa niaba ya watu wa mwambao hakuwepo tena wa kuzidai. Majimbo aliyoyapigania Ngala nayo yalifutwa mwaka 1964, KADU ikijivunja na kuingia KANU. Kipengele cha maofisa Waislamu kilikuwa na "kadiri itakavyowezekana" yake, na kila mtu anajua maneno hayo hufanya kazi gani ofisini.

Mahakama za kadhi zilidumu. Zilipigiwa kelele sana kabla ya kura ya maoni ya 2010, makanisa mengi yakipinga ziwemo katika katiba, lakini zimo, kifungu cha 170. Ahadi nyingine iliyotimizwa kwa ukamilifu ni ile ya hati za ardhi, na hiyo ndiyo imeleta balaa kuliko zote.

Nyumba yangu, kiwanja chako

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili ardhi ya mwambao. Kila mwenye dai alitakiwa ajitokeze, alete ushahidi, apewe hati. Waarabu na Waswahili wenye nyaraka na wanaojua njia ya mahakamani walipata. Wahindi wenye fedha walinunua. Mmijikenda ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo, iliyojulikana kwa miembe na makaburi na si kwa karatasi, alikosa. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai kwa karatasi ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza, na baada ya uhuru ikawa ya serikali, na ya serikali ikagawiwa wakubwa. Vipande vizuri vya ufuo viliondoka kwa njia hiyo.

Matokeo yake unaweza kuyaona leo Majengo, Kisauni au Likoni. Kuna utaratibu ambao mtu wa bara hushangaa akielezwa: nyumba ni yako, umeijenga mwenyewe, unapangisha vyumba na kupokea kodi, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na kila mwezi unamlipa kodi ya ardhi. Mwenye kiwanja akifa, wanawe wanaweza kukiuza, na mnunuzi akaja na amri ya mahakama na tingatinga. Benki haikukopeshi kwa nyumba ya namna hiyo. Ndiyo maana mitaa mizima yenye umri wa miaka 80 imejengwa kwa udongo, miti na mabati ya juu, kwa kuwa hakuna atiaye zege mahali asipo na hakika napo.

Likoni palikuwa na shamba la ekari 930 lililovamiwa na kukaliwa na maelfu ya watu tangu miaka ya 1990. Mwenye hati alishinda mahakamani, lakini watu wasingeweza kuhamishwa. Mwishowe serikali ililinunua na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akatoa hati kwa wakazi, wakitakiwa walipe kidogo kidogo. Malipo hayo yenyewe yakazua manung'uniko: iweje tununue mahali tulipozaliwa? Mtu aliyesoma sheria atasema hati ni hati. Wakazi wao husema hati ya 1908 ilikuwa dhuluma iliyopigwa muhuri. Wote wawili wana hoja, na ahadi ya 1963 iliwapa nguvu wale wa kwanza.

Mizigo ipitayo

Bandari ndiyo sababu Mombasa ipo kama ilivyo. Gati za maji marefu za Kilindini zilijengwa miaka ya 1920, na biashara kubwa ikaihama bandari ya majahazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, kikosi cha manowari cha Uingereza cha Bahari ya Hindi kilihamia Kilindini kuwakwepa Wajapani, na katika shule ya Allidina Visram wakawekwa wavunja siri waliokuwa wakisikiliza redio za Japani. Wapita njia wachache wanajua.

Wakati huo huo mji ulijaa vibarua wa kutwa, na hali zao zilikuwa ngumu. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma, bandari na reli zikasimama, na kutoka mgomo huo likazaliwa shirikisho la wafanyakazi chini ya Chege Kibachia. Mwaka 1955 bandari iligoma tena, na kijana aitwaye Tom Mboya akajipatia jina kwa kuleta suluhu ya mishahara. Harakati za vyama vya wafanyakazi Kenya zinadai deni kubwa kwa makuli wa Mombasa.

Kisha likaja kontena. Kazi iliyohitaji mabega mia moja ikafanywa na winchi moja na mtu mmoja aliyeketi juu. Mamlaka ya Bandari ya Kenya, iliyoundwa 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika, imepanua sana: kituo cha pili cha makontena kilifunguliwa mwaka 2016 kwa mkopo wa Japani, gati jipya la mafuta Kipevu likaanza kazi mwaka 2022, na mwaka 2024 bandari ilivuka makontena milioni 2 yanayohesabiwa kwa kipimo cha futi 20. Sehemu kubwa ya mizigo ya kupita huenda Uganda; mingine Sudan Kusini, Rwanda na mashariki ya Kongo. Mfanyabiashara wa Kampala ana hisa katika utulivu wa Kilindini kuliko wengi wa Nairobi wanavyofikiri.

Lakini bandari kupitisha mizigo mingi si sawa na mji kupata riziki. Riziki ya Mombasa iko katika mambo yanayouzunguka mzigo: wakala wa forodha anayefuatilia karatasi, bohari za makontena, dereva na utingo wake, gereji za Changamwe, vibanda vya chai Jomvu, nyumba za kulala wageni barabarani mpaka Mariakani. Mzigo ukisimama Mombasa siku tatu, watu hawa wanakula. Ukipita bila kusimama, hawali.

Ndiyo sababu reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilileta kishindo. Ilijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa takriban dola bilioni 3.2 kutoka Benki ya Exim ya China, na treni ya abiria ilianza tarehe 31 Mei 2017. Kwa abiria ilikuwa neema. Kwa mizigo palikuwa na jambo ambalo watu wengi hawakulijua mpaka lilipowafika: ili mkopo ulipike, Mamlaka ya Bandari ilikuwa imejifunga kuipa reli kiasi maalumu cha mizigo kila mwaka, na kikipungua, ilipe pengo. Bandari basi ilikuwa na kila sababu ya kulazimisha kontena lipande treni, hata kama mwenyewe angependa lori. Mizigo ikaelekezwa bandari ya nchi kavu ya Embakasi, Nairobi, ikatolewe huko. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo yote ya kuingia ipite reli. Bohari za Mombasa zikabaki na viwanja vitupu, malori yakaegeshwa, na Jumatatu baada ya Jumatatu watu wakaandamana mjini. Oktoba agizo likasitishwa, lakini desturi haikubadilika sana. Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema mwaka 2020 kwamba agizo lile lilivunja katiba, na Septemba 2022, siku ya kuapishwa, Rais William Ruto akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi Mombasa.

Sina chuki na reli. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ilikuwa imeelemewa, na malori yaliua. Ila uamuzi wa nani afaidi bandari ulifanywa ndani ya mkataba wa mkopo ambao mji haukuuona, na hapo ndipo watu wa Mombasa walipokasirika. Mwaka 2023, Mamlaka ya Bandari ilipotangaza kutafuta wawekezaji binafsi wa kukodishwa baadhi ya gati, wanasiasa wengi wa Pwani walipinga.

Mgeni alishalipia kwao

Utalii una kasoro inayofanana. Ufuo wa Nyali, Bamburi na Shanzu uliendelezwa kwa wageni wa Ulaya waliokuja kwa ndege za kukodi wakiwa wameshalipia kila kitu Frankfurt, Milano au London: ndege, chumba, chakula, hata kinywaji. Kilichobaki kutumiwa mjini ni kinyago, safari ya mashua na bakshishi. Kazi hotelini zilipatikana, ndiyo, lakini za msimu, na wengi huambiwa wakapumzike nyumbani mvua za Aprili zinapoanza.

Tena biashara hiyo huogopa upesi. Agosti 1997, kabla ya uchaguzi mkuu, vijana walivamia kituo cha polisi Likoni na kuwashambulia wakazi wa kutoka bara. Watu wakauawa, maelfu wakakimbia, hoteli zikabaki tupu. Yakaja mashambulizi ya kigaidi ya Kikambala mwaka 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na Mei 2014 onyo la usalama la Uingereza lililowafanya wageni wafungashe mizigo katikati ya likizo. Hoteli kadhaa zilifunga zisifunguke tena. Aliyeziba pengo ni Mkenya mwenyewe, anayeteremka Desemba na watoto, na treni ya 2017 ikamrahisishia. Mgeni huyu anajadiliana bei, anakula nje ya hoteli na anarudi kila mwaka. Mji umechelewa kumthamini.

Vya kuona vipo, na kilicho bora si lazima kiwe ufuoni. Ngome ya Yesu, makumbusho tangu jela ilipofungwa na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011, ipitie asubuhi kabla ya jua kali. Halafu uingie Mji wa Kale kwa miguu: Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570 hivi, na Leven House ukingoni mwa maji, iliyobeba jina la manowari ya Kapteni Owen, yule aliyetangaza ulinzi wa Uingereza juu ya Mombasa mwaka 1824 bila ruhusa ya wakubwa wake na kukanwa miaka miwili baadaye. Toka uende Marikiti kwa viungo, na Mtaa wa Biashara kwa leso. Hapo usikurupuke, soma jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kumnunulia mtu, usije ukamtukana mkweo. Jioni ni Mama Ngina, ukingoni mwa bahari chini ya mibuyu, kwa mihogo ya kukaanga na madafu, na viazi karai kwa ukwaju ukijaliwa. Mahamri na mbaazi ni ya asubuhi, usiulizie saa kumi.

Na Bamburi. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe hadi kubaki shimo jeupe lisilootesha hata jani. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kujaribu miti humo, na mvinje ndio uliokubali. Majani yake makavu yalikuwa hayaozi, mpaka alipoleta majongoo wekundu wakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu wenye twiga na viboko. Huko ndiko kiboko Owen, mtoto aliyeokolewa baharini wakati wa tsunami ya 2004, alikomshika kobe mkongwe Mzee akamfanya mama.

Kaunti nambari 001

Katiba ya 2010 ilirudisha kitu kinachofanana na majimbo ya Ngala. Mombasa ikawa kaunti nambari moja, ndogo kuliko zote kwa eneo, yenye watu 1,208,333 kwa sensa ya 2019. Ina gavana wake, kwanza Hassan Joho kuanzia 2013, kisha Abdulswamad Nassir kuanzia 2022. Ina bunge lake na mgao wake wa fedha. Hospitali, masoko, taka na barabara za mitaa ni zake.

Bandari je? Jedwali la Nne la katiba linataja vivuko na bandari miongoni mwa kazi za kaunti, kisha linaondoa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Wanasheria wa kaunti wanasoma nusu ya kwanza, wa Nairobi wanasoma ya pili, na mapato yanaendelea kwenda Hazina. Hata mamlaka ambayo kaunti inadhani ni yake hugongana na bara: Mei 2024 gavana alipiga marufuku muguka, aina ya miraa, Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu, wakulima wa Embu wakaenda mahakamani na agizo likasimamishwa.

Kivuko cha Likoni pia hakiko mikononi mwa kaunti. Kinavusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na hakuna mwenyeji wa makamo asiyekumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272. Barabara mpya ya Dongo Kundu, kutoka Miritini hadi pwani ya kusini kupitia madaraja ya Mwache na Mteza, sasa inawezesha gari kufika Kwale bila kugusa kisiwa. Kando yake serikali inatenga eneo maalumu la viwanda lililounganishwa na gati jipya, kwa fedha za Japani. Ukifaulu, mradi huo utaipa Mombasa kitu ilichokosa tangu reli ya kwanza: viwanda vinavyoushika mzigo na kuufanyia kazi kabla haujaondoka. Na ugomvi wa kwanza wa Dongo Kundu, kabla kiwanda chochote hakijawasha mashine, umekuwa wa fidia, baina ya serikali yenye ramani na familia zenye miembe, makaburi na nyumba zilizojengwa kwenye ardhi wasiyo na hati yake.